Saa Namba Kumi na Saba

Msomaji mmoja wa Karonga ameniandikia kuuliza kama nina haya. Ninayo. Ila haijawahi kunizuia kufanya jambo.

Kwa aliyeanza kusoma leo, habari yangu ni fupi. Mimi ni fundi saa kutoka Bukavu, Kongo. Vita vilipotufikia mwaka 1996 nilikimbia na saa saba za mfukoni, za dhahabu, za zamani, ndogo zile za kukaa ndani ya kiganja. Zilikuwa za wateja. Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikazifunika kwa maharage. Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, nilijiandikisha kwa jina la Gaspard, ili mwenye saa akimuulizia fundi Zihindula asimpate. Zihindula ndiye mimi.

Na wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyouza saa yenye tiketi namba kumi na saba, nzuri kuliko zote, kwa Bambo Kamwendo, yaani Bwana Kamwendo, mwenye duka Lilongwe. Alinipa kwacha elfu tisa.

Msinione mtu wa kuuza hovyo. Mimi nilikuwa nakusanya. Hapa kambini niliongeza mbili nilizonunua kwa watu wa Fizi waliohitaji unga kuliko walivyohitaji kujua saa ngapi. Mwaka 1999 Kamwendo alikuwa akinipa elfu moja na mia mbili kwa saa ya namna hiyo. Mwaka uliofuata, elfu tatu. Mwaka huu wa 2001 ilikuwa elfu sita, kisha nane, kisha tisa. Kila nilipofika Lilongwe bei ilikuwa imeshapanda, nami nikajiona mwenye akili.

Fedha ya namba kumi na saba tulinunua bati. Béatrice, mke wangu, alikuwa amechoka kulala chini ya turubai.

Siku ya tatu chini ya bati jipya, Alhamisi asubuhi, katekista Gélase alikuja kuchukua saa yake ya mezani.

"Fundi Gaspard, iko tayari?"

"Kuya kesho," nikamwambia, yaani njoo kesho, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Kesho, saa hii hii. Imebakia paka kutia mafuta tu."

Ilikuwa imekwisha tangu Jumatatu. Katika miaka kumi na tisa ya kazi sijawahi kumwambia mteja "imekwisha" siku aliyokuja kuuliza. Saa ikitoka mapema watu hudhani kazi ilikuwa rahisi, na huanza kubishana bei.

Gélase akaenda zake. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwembamba mwenye mfuko mmoja, mmoja wa walioshushwa na lori la wageni jana yake. Huyo hakwenda popote.

"Rudilia," akasema.

"Nini, mama?"

"Ile umesema. Rudilia."

"Kuya kesho, saa hii hii?"

Akakaa chini, palepale kwenye udongo, akashika kichwa.

"Njo we," akasema, yaani ndiwe. "Hapa bote banasema Gaspard, Gaspard. Mais njo we, Zihindula. Sura yako imezeeka, ile sauti haizeeke."

Nilitaka kumwambia amekosea mtu. Lakini alikuwa ameshafungua ncha ya kitenge chake na kutoa kipande cha karatasi, kimekunjwa mara nne, kimegeuka rangi ya chai. Nilikijua kabla hajakikunjua. Tiketi zangu nilikuwa nazichana katikati: nusu naifunga kwenye saa, nusu anaondoka nayo mteja. Kwenye nusu ile kulikuwa na mwandiko wangu. Namba kumi na saba.

"Mi ni Mathilde," akasema. "Bibi ya Lwaboshi, mushonaji wa Kadutu. Ile saa ilikuwa ya papa yake."

"Namukumbuka," nikasema. Hapo sikudanganya.

"Ile siku ya vita, Lwaboshi aliniambiaka: tangulia na mama yako, mi napita kwa fundi kuchukua saa, tutaiuzisha njiani. Akasema tukipotezana, kila mutu aulize fundi Zihindula, Bukavu yote inamujua. Mwenye anamufikia wa kwanza anachukua saa, anaacha habari kwa fundi. Njo ile tulipatanaka. Mais tiketi ilibakia mu sakoshi yangu, na sikujua."

"Na hukumuona tena?"

"Nimeuliza fundi Zihindula Uvira. Nimeuliza Kigoma. Nimeuliza Nyarugusu, na Mbeya, na Karonga. Miaka tano naulizia fundi wa saa. Bantu banafikiri niko na kichaa." Akaniangalia usoni. "Sasa niambie kitu moja tu. Saa ingali hapa, ao alikuya kuichukua?"

Nilikuwa na majibu mawili ya uongo na moja la kweli. Nikimwambia mume wake alikuja akaichukua, ataniuliza alielekea wapi. Nikimwambia ipo, ataniambia nimwonyeshe. Nikimwambia ukweli, mimi ni mwizi.

"Iko," nikasema. "Lakini nimeifungua, iko mu vipande. Kuya samedi." Samedi ni Jumamosi.

Akafumba macho. "Donc hajakuya."

"Bado."

"Bado," akasema naye, akatabasamu kidogo, kwa sababu bado ni neno zuri kwa mtu aliyengoja miaka mitano. Aliposimama aliinua macho. "Muko na manjanja ya mupya. Ni muzuri sana."

Manjanja ni bati. Nilimshukuru.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu wiki ya kwanza. Mhariri ameniambia nisipopafikia atampa nafasi hii mtu wa mashairi.

Lwaboshi alikuja. Ilikuwa tarehe 28 mwezi wa kumi, mwaka 1996. Milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa mto Ruzizi na nusu ya wenye maduka walikuwa wameshafunga. Aliingia mbio, akasema, "Fundi, nipatie saa yangu, tunakimbia." Nami nikamuuliza tiketi iko wapi.

Nilimjua kwa sura. Nilimjua kwa jina, na baba yake nilimzika. Saa yake ilikuwa imekwisha tangu tarehe 14, iko kwenye droo, inatembea bila kupoteza hata dakika. Lakini ilikuwa saa nzuri mno. Mfuniko wake ulichorwa majani madogo madogo, na ukiufungua ulikuwa unalia kidogo, tiki, kwa adabu. Kila jioni nilikuwa naitoa naiangalia. Nilitaka niwe nayo siku moja zaidi.

"Bila tiketi sitoe," nikamwambia. "Na haijaisha. Kuya kesho."

Akatoka kurudi nyumbani kutafuta tiketi, na tiketi ilikuwa ndani ya mkoba wa mke wake, tayari barabarani. Hapakuwa na kesho. Mji ulianguka, mimi nikakimbia na kopo langu, na Lwaboshi sikumwona tena. Nimelibeba jambo hilo miaka mitano, na niwaambie kweli, kopo lilikuwa jepesi zaidi.

Béatrice alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni.

"Utafanya nini sasa?"

"Kesho naenda Lilongwe, naikomboa."

"Na franga gani? Franga njo hii iko juu ya kichwa yako."

"Nitamupatia Kamwendo zile saa mbili za Fizi. Anirudishie moja."

"Juu ya nini usimwambie Mathilde ukweli leo?"

"Samedi."

"We na samedi yako," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Ijumaa nilidamka, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, nikabadilisha gari Lumbadzi, na saa tatu nilikuwa mbele ya duka la Kamwendo. Huuza vinyago, redio kuukuu na chochote chenye dhahabu. Kiswahili alijifunzia Tunduma, alipokuwa akinunua vitenge.

"Gaspard! Karibu, karibu! Umeniletea kisaa kingine?"

"Nimekuletea viwili. Nataka unirudishie kile cha juma lililopita."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kimeondoka, bwana. Juzi. Elfu kumi na tano."

"Elfu kumi na tano? Nani anatoa pesa hiyo kwa saa?"

"Yule yule."

"Yule yupi?"

Akaniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza. "Ina maana hujui? Wewe ulidhani bei inapanda yenyewe? Ni mtu mmoja, Mkongo mwenzako, ana cherehani yake kule Likuni. Miaka mitatu sasa, kila mwisho wa mwezi yuko hapa. Anataka vidogo vya dhahabu tu. Haulizi kama kinatembea. Anafungua mfuniko wa nyuma, anatazama ndani kwa lenzi, anafunga, anasema sicho. Nikaona huyu anataka kweli, nikapandisha. Wenzangu wakasikia kuna mtu anatafuta vidogo vya dhahabu, nao wakapandisha. Wazungu wa mradi wakaona vinapanda, wakaanza kununua. Mji mzima unapandisha kwa ajili ya fundi cherehani mmoja."

Nikakaa kwenye redio.

Sisi mafundi saa tuna desturi. Ukimaliza kazi unakwaruza kwa sindano, upande wa ndani wa mfuniko, herufi yako na tarehe, ili saa ikirudi ujue umeigusa lini. Mimi hukwaruza Z. Mteja wa kawaida haioni, lakini Lwaboshi nilimwonyesha mwenyewe, kwa majivuno, mara ya kwanza aliponiletea saa ya baba yake. Zile sita nyingine nilizouza hazikuwa na alama, kwa sababu nilikimbia kabla sijazifanyia kazi. Namba kumi na saba ndiyo pekee iliyokuwa tayari.

"Alipoiona juzi alilia," Kamwendo akasema. "Hapa hapa. Wateja wangu wawili wakatoka. Kisha akauliza nani ameniuzia. Kwa kawaida huwa sisemi, unanijua."

"Nakujua."

"Kwa elfu kumi na tano nilisema. Nikamwambia ni Gaspard wa Dzaleka. Leo asubuhi kaenda huko kwako. Labda mmepishana Lumbadzi."

Nakiri nilifurahi. Nilifurahi kiasi kwamba nilimpa mkono Kamwendo na kumwambia zikomo, asante ya kwao, mara mbili. Mathilde yuko Dzaleka, Lwaboshi anakwenda Dzaleka. Watakutana bila mimi kufanya lolote, na kazi isiyohitaji nifanye lolote ndiyo ninayoiweza vizuri. Nilipanga hata maneno ya kusema nikiwakuta wameshikana. Nilinunua mkate.

Gari la kurudi liliharibika kabla ya Lumbadzi, nikafika nyumbani saa tisa alasiri. Kwenye kigoda cha wateja alikuwa ameketi mwanamume mwenye mvi nyingi, kikombe cha chai mbele yake hakijaguswa. Béatrice alikuwa amesimama ukutani, ananifanyia ishara kwa macho nisizozielewa.

"Zihindula," akasema yule mtu.

"Lwaboshi."

"Banasema hapa ni kwa Gaspard."

"Ni jina ya ku kambi."

"Nilikuyaka hapa mara mbili. Mwaka ya tisini na tisa, na mwaka jana. Nikaulizia fundi Zihindula ku bureau ya kambi. Nikaulizia ku kanisa. Bakasema hawamujue."

"Hawanijue," nikasema.

Akatoa saa mfukoni, akafungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na lenzi yangu mwenyewe.

"Soma."

"Lwaboshi..."

"Soma."

Nikasoma. "Z. Kumi na ine, mwezi ya kumi, tisini na sita."

"Mi nilikuyaka kwako tarehe ngapi?"

"Makumi mbili na munane."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikunja mikono juu ya meza yangu kama mtu aliyekuja benki.

"Nitakupiga kisha," akasema. "Kwanza uniambie. Miaka tano nafikiri ni kitu moja tu. Mathilde alikuyaka kuulizia ile saa?"

"Alikuya," nikasema. "Jana. Iko hapa hapa Dzaleka, kwa Annuarite. Ngoja, naenda kumuleta."

Béatrice alifungua mdomo. Sikumngoja. Nilikimbia kati ya nyumba na miaka yangu hamsini na mbili, na nilikuwa nacheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikuwa nimemwambia mteja kwamba kitu chake kiko tayari.

Annuarite ni mjane wa Fizi anayepokea wageni wasio na pa kulala. Nilimkuta anapepeta mahindi.

"Mathilde iko wapi?"

"Ameenda."

"Ameenda wapi? Kisimani?"

Akaweka ungo chini. "Fundi, leo asubuhi alifika kwako. Hakuweza kungojea samedi. Akakuta bibi yako, na bibi yako akamwambia ile saa uliuzishaka, juma lililopita. Akarudi hapa, akakaa pale pa mulango. Akaniambia: kama imeuzishwa, njo kusema hakuna mutu alikuya kuichukua. Miaka tano na fundi iko hapa, na Lwaboshi hakukuya. Donc alikufaka. Akalia, lakini hapana sana. Kisha akafunga mufuko."

Béatrice. Tangu nimwoe namwona akinifichia uongo wangu. Katika nyumba yangu ukweli ulisemwa mara moja tu, na ulisemwa saa nne asubuhi, muda wa saa mbili kabla Lwaboshi hajapiga hodi.

"Alienda na nini?"

"Na lori ya mahindi. Inalala Mitundu leo, inapakia, kesho alfajiri inapita Zambia."

"Zambia mahali gani?"

"Hakusema. Alisema paka hii tu: hataulizia tena mutu." Annuarite akafungua kiganja. "Akaacha hii, nikupatie. Akasema haina kazi tena."

Ilikuwa nusu ya tiketi. Namba kumi na saba.

Nilirudi nikitembea. Njiani nilipiga hesabu, maana hesabu ya saa ndiyo kazi yangu. Ilikuwa saa kumi kasoro. Kutoka kambini mpaka Lilongwe, kutoka Lilongwe mpaka Mitundu, mtu akiondoka sasa hivi, akipata gari, atafika Mitundu kabla watu hawajalala. Lori lingekuwa bado limesimama pale. Mtu akiondoka kesho atakuta alama za magurudumu. Kilichotakiwa ni mimi kuingia nyumbani na kusema maneno manne: iko Mitundu, kimbia sasa.

Kuyasema hayo ni kusema pia kwa nini aliondoka. Kwamba saa niliiuza. Kwamba jana nilimwambia iko mu vipande. Kwamba angekuwa ameketi kwangu wakati Lwaboshi anapiga hodi, kama ningefungua mdomo wangu Alhamisi.

Nilimkuta Lwaboshi amesimama. Alikuwa amenawa uso kwa maji ya Béatrice na kuomba kitana, na mvi zake zilikuwa zimelala upande mmoja. Shati alikuwa amelifunga mpaka kifungo cha juu. Saa ya baba yake alishaitia ufunguo na kuiweka katikati ya meza yangu, juu ya kitambaa safi, na ilikuwa inatembea.

Béatrice alitazama sakafu. Hakuwa amemwambia kitu. Alishasema ukweli mara moja siku hiyo.

Lwaboshi alichungulia nyuma yangu, mlangoni, akaona hakuna mtu. Hakutabasamu wala hakununa.

"Iko anajipanga?" akauliza. "Ao iko tayari?"

Ile nusu ya tiketi ilikuwa ndani ya ngumi yangu, imeloa jasho. Maneno manne nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa. Nikafungua mdomo.

"Kuya kesho," nikasema. "Saa hii hii."